Kinasi ya kwanza huamilishwa na nani? Swali kuhusu EGFR, RAF na ERK

Mwanafunzi_wa_Seli:

Shikamooni wakubwa zangu, na salamu kwa wanajukwaa wote. Ninasoma mwaka wa tatu wa biokemia, na kwa sasa tumo katika mada ya njia za ishara zinazoiamuru seli ikue na kugawanyika. Daftarini nimeandika, kama tulivyofundishwa, kwamba kinasi ni kimeng'enya kinachochukua fosfeti kutoka kwenye ATP na kuibandika kwenye serini, threonini au tairosini (asidi amino) ya protini nyingine, na kwamba kinasi yenyewe huwa imelala mpaka kinasi iliyoitangulia katika mnyororo iibandike fosfeti. Mchoro tuliochorewa ni ule unaojulikana: EGF, protini inayochochea ukuaji, inakifikia kipokezi chake, EGFR, kisha inafuata Ras, protini ya utandoni inayofanya kazi kama swichi, halafu kinasi tatu, RAF, MEK na ERK, na karibu kila mshale unasomwa kuwa ni fosfeti.

Nimekwama katika mambo mawili. La kwanza, ikiwa kila kinasi inaisubiri iliyoitangulia, kipokezi kilicho mwanzo kabisa wa mnyororo, ambacho hakijatanguliwa na kinasi yoyote, hubandikwa fosfeti na nani? Nimeambiwa kwamba vipokezi viwili hubandikana, lakini jibu hilo linanirudisha palepale, kwa maana kama vyote viwili vimelala, kinachoanza kukibandika chenzake kinaupata wapi uwezo? La pili, nimesoma kwamba tairosini iliyo katika kitanzi cha uamilishaji cha EGFR ikibadilishwa ili isiweze kubandikwa fosfeti, kipokezi kinaendelea kufanya kazi. Je, kanuni ya daftari langu ina kasoro, au kuna jambo ambalo sijalielewa? Naomba nielezwe kinachotokea ndani ya protini yenyewe, kwa sababu majina ya hatua ninayo tayari.

Mzee_wa_Maabara:

Marahaba, mwanangu. Umekwama mahali pazuri. Tatizo ni kwamba umeichukulia fosfeti kuwa ndiyo uamilishaji wenyewe. Iweke kando kwanza, uitazame kinasi kama umbo.

Sehemu ya kinasi inayofanya kazi ina mapande mawili, dogo la juu na kubwa la chini, yaliyounganishwa kwa bawaba nyembamba, na ATP hukaa katika ufa ulio kati yake. Kundi la Susan Taylor lilichapisha umbo hilo kwa mara ya kwanza mwaka 1991, kwa kuchunguza fuwele za kinasi A, na kinasi zilizochunguzwa baada ya hapo zimeonekana kuwa na mapande hayohayo. Ili fosfeti ihame kutoka kwenye ATP, lisini moja ya pande la juu lazima izishike fosfeti za ATP ipasavyo, na lisini hiyo hutulizwa mahali pake na glutameti iliyo kwenye msokoto unaoitwa C. Wakati huohuo aspateti inayoanza zile asidi amino tatu zinazoandikwa DFG lazima ielekee ndani ya ufa na kuishika magnesiamu, na kitanzi cha uamilishaji, ambacho ni uzi mrefu ulio mbele ya ufa, lazima kinyooke ili protini lengwa ipate pa kukaa. Ukizilinganisha kinasi zilizo amilifu, iwe kinasi A, ERK au kipokezi cha insulini, utaona kwamba zinafanana mno. Zinapolala ndipo zinapoachana: moja imeusukuma msokoto C nje, nyingine imeigeuza aspateti ikaelekea upande usiofaa, nyingine imekiingiza kitanzi chake ndani ya ufa. Kwa hiyo swali la kuiuliza kinasi yoyote ni hili: ni kitu gani kinachoizuia isishike umbo lile, na kizuizi hicho huondolewa na nini?

Fosfeti ni mojawapo ya majibu, na ni jibu linalotokea mara nyingi, kwa sababu ina chaji hasi mbili na inaweza kuzivuta arginini zilizotawanyika. Katika CDK2, kinasi inayoendesha mgawanyiko wa seli, fosfeti inayobandikwa kwenye threonini ya 160 huzikusanya arginini tatu zinazotoka sehemu tatu tofauti za protini, mojawapo ikiwa kwenye msokoto C, na kwa njia hiyo hukifunga kitanzi katika mkao wake ulionyooka. Hata hivyo CDK2 haifanyi kazi ya maana bila saiklini, protini mwenzi wake, ambayo huuegemea msokoto C kutoka nje na kuurudisha ndani. Kwa hiyo hata hapa fosfeti haitoshi peke yake.

Sasa tuje kwenye EGFR. Kabla EGF haijafika, kipokezi huwa kimejikunja nje ya seli, na mkono unaotumika kushikana na mwenziwe umefichwa. EGF huingia kati ya sehemu mbili za kipokezi na kuzileta karibu, mkono unafunuka, na vipokezi viwili vinashikana. Ndani ya seli, sehemu mbili za kinasi hazikai uso kwa uso kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2006 kundi la John Kuriyan huko Berkeley lilionyesha kwamba zinakaa kwa mkao usio wa ulinganifu: pande la chini la kinasi moja huliegemea pande la juu la nyingine, mahali palepale ambapo saiklini huiegemea CDK, na kuusukuma msokoto C wa mwenziwe uingie ndani. Kinasi inayosukuma haihitaji kubandika kitu chochote. Kazi yake hapo ni kuegemea tu. Kinasi inayosukumwa ndiyo inayopata umbo amilifu, na ndiyo inayozibandika fosfeti tairosini za mikia ya vipokezi.

Jaribio lao linafaa kukumbukwa kwa undani. Waliharibu eneo la kuegemea katika pande la chini la vipokezi vya aina moja, na eneo la kuegemewa katika pande la juu la vipokezi vya aina ya pili. Kila aina ikiwa peke yake katika seli haikufanya kazi. Zilipowekwa pamoja katika seli moja, kazi ilirudi, kwa sababu aina ya pili ingali inaweza kuegemea na aina ya kwanza ingali inaweza kuegemewa. Matokeo hayo ni magumu kuyaeleza kwa nadharia ya kubandikana fosfeti.

Maswali yako yote mawili yana jibu moja, basi. Kitanzi cha EGFR hakihitaji fosfeti kwa sababu mwenziwe amefanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na fosfeti, na cha kwanza kinapata uwezo kwa kusukumwa na kile ambacho bado kimelala. Ushahidi zaidi uko katika ukoo huohuo: kipokezi HER3 kina kinasi dhaifu mno, lakini ikiungana na HER2, ambayo nayo haina homoni yake inayojulikana, hupatikana jozi yenye nguvu sana ya kuchochea ukuaji. HER3 huegemea, na HER2 hubandika.

Kanuni ya daftari lako ilitokana na kazi ya kweli. Edwin Krebs na Edmond Fischer, wakiwa Seattle, waligundua mwaka 1955 kwamba fosforilasi ya misuli, kimeng'enya kinachovunja glikojeni, huamilishwa kwa kubandikwa fosfeti, na baadaye ikaonekana kwamba kinasi inayoibandika nayo hubandikwa na kinasi A. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1992. Lakini tazama kilicho kileleni mwa mnyororo ule. Kinasi A huwa ina fosfeti yake kitanzini muda wote, hata inapolala, kwa sababu kinachoizuia ni protini nyingine iliyoiziba ufa, na protini hiyo huachia pale AMP ya mduara, molekuli inayobeba ishara ndani ya seli, inapoongezeka. Hata mnyororo uliozaa kanuni yako haukuanzia kwenye fosfeti.

Binti_wa_Biofizikia:

Mzee wangu, shikamoo, na nakushukuru kwa maelezo. Naomba tu tusimwache mwuliza swali akidhani kwamba vipokezi vyote ni kama EGFR. Kipokezi cha insulini kiko kwenye jozi tangu kinapotengenezwa, kimefungwa kwa viungo vya salfa, na bado kimelala. Picha yake, iliyochapishwa mwaka 1994, inaionyesha tairosini ya 1162 ya kitanzi ikiwa imejichomeka katika ufa wa kinasi yenyewe, kana kwamba ni protini lengwa, huku kitanzi kikiwa kimeiziba njia ya ATP. Huko tairosini tatu za kitanzi hubandikwa fosfeti na kinasi ya upande wa pili, kitanzi kinatoka, na fosfeti ndiyo inayokizuia kisirudi. Kwa kipokezi cha insulini, kanuni ya daftari ni sahihi kabisa.

Ndipo swali la "kinachoanza kinaupata wapi uwezo" linapotaka jibu la aina nyingine. Kinasi iliyolala haijafa. Kitanzi huchezacheza, hutoka ndani ya ufa kwa muda mfupi na kurudi, na katika muda huo fosfeti moja inaweza kubandikwa. Katika seli tulivu hali hiyo haionekani kwa sababu fosfatasi za tairosini huzibandua fosfeti hizo karibu mara tu zinapowekwa. Seli zikitiwa pavanadeti, ambayo huziharibu fosfatasi hizo, vipokezi hujikuta vimejaa fosfeti bila homoni yoyote kuongezwa. Kwa hiyo kipokezi hakianzi kutoka sifuri. Insulini inapoileta kinasi karibu na mwenziwe katika mkao unaofaa, ubandikaji unaizidi kasi ya ubanduaji, na kila kitanzi kinachotoka kinaongeza kasi hiyo. Michoro ya vitabuni huzisahau fosfatasi, na bila hizo mada hii haieleweki.

Mkemia_wa_Pwani:

Naongeza jambo moja ambalo halijaguswa, nalo ni mahali. Chukua AKT, kinasi inayochochea ukuaji kupitia njia ya PI3K. Kinasi inayoibandika fosfeti kwenye threonini ya 308, yaani PDK1, karibu muda wote ni amilifu, kwa hiyo haingoji kuamriwa na mtu. Kinachobadilika ni kwamba PI3K, ambayo ni kimeng'enya, hutengeneza PIP3, aina ya mafuta, katika utando wa seli, AKT huishika PIP3 na kuhamia hapo, na kwa kufanya hivyo hufunua kitanzi chake mbele ya PDK1 ambayo nayo imeshikilia utando uleule. Serini ya 473 hubandikwa na mTORC2, kundi jingine lenye kinasi. PTEN, ambayo ni fosfatasi, huiondoa fosfeti kwenye PIP3, na ndiyo maana saratani nyingi zimeipoteza PTEN: seli ikiikosa, AKT inabaki utandoni bila idhini ya homoni.

Kinasi C ni mfano mzuri zaidi dhidi ya daftari. Inapotengenezwa hubandikwa fosfeti zake zote, kitanzini na mkiani, kisha inalala nazo. Kinachoizuia ni kipande cha mwili wake wenyewe kinachofanana na protini lengwa, isipokuwa mahali pa serini pana alanini isiyoweza kubandikwa chochote, na kipande hicho kimekaa ndani ya ufa. Diasilgliseroli, aina ya mafuta, inapotokea utandoni, kinasi C huishika, na kipande hicho kinang'oka. Viambato jamii ya foboli vilivyomo katika utomvu wa mnyaa, huu huu unaopandwa kuwa ua vijijini kwetu, huiiga diasilgliseroli, lakini seli haiwezi kuvivunja upesi, hivyo kinasi C inabaki macho. Watafiti wamekuwa wakiuchunguza utomvu huo katika maeneo ya Afrika Mashariki yenye limfoma ya Burkitt, aina ya saratani, kwa kuwa una uwezo wa kuviamsha virusi vya Epstein-Barr vilivyojificha ndani ya seli. Basi, watoto wasiuchezee.

Mwanafunzi_wa_Seli:

Ninawashukuru sana. Sasa naona kwamba kila mshale una tabia yake, na swali langu limehamia kwenye mshale wa katikati. Kitabu kinasema BRAF, mojawapo ya kinasi za RAF, huamilishwa na Ras, lakini Ras si kinasi, kwa hiyo haiwezi kubandika fosfeti. Tena kinasema kuna fosfeti kwenye BRAF inayoizuia isifanye kazi, na kwamba badiliko la V600E, yaani valini ya 600 kuwa glutameti, "linaiga fosfeti". Inakuwaje fosfeti iwe kizuizi na pia iwe kitu cha kuigwa ili kuamilisha? Na je, ni kweli kwamba dawa ya kuizuia RAF inaweza kuiamilisha?

Tabibu_wa_Saratani:

Ndugu mwanafunzi, ni kweli, na sababu yake inatokana moja kwa moja na yale aliyoyaeleza Mzee kuhusu EGFR.

Katika seli iliyotulia BRAF huwa imekunjwa, na protini inayoitwa 14-3-3, ambayo kazi yake ni kushika sehemu zilizobandikwa fosfeti, huishika mahali pawili: kwenye serini ya 365, iliyo kabla ya kinasi, na kwenye serini ya 729, iliyo karibu na mkia. Kwa kuwa mikono yake miwili imeshika ncha mbili za BRAF ileile, imeibana isiweze kufunguka wala kupata mwenzi. Fosfeti ya serini ya 365 ndiyo kizuizi ulichokisoma.

EGFR ikishakuwa amilifu, tairosini za mkia wake zenye fosfeti huishika Grb2, protini kiunganishi, Grb2 huileta Sos utandoni, na Sos huifanya Ras iachie GDP (hali ya kulala) na kushika GTP (hali ya kuamka). Ras yenye GTP huvuta sehemu ya mbele ya BRAF na kuipeleka utandoni, na hapo kundi la SHOC2, MRAS na PP1C, lenye fosfatasi ndani yake, huibandua fosfeti ile ya 365. Hatua muhimu ya kuamilisha RAF ni kubandua, wala si kubandika. Mkono mmoja wa 14-3-3 ukibaki mtupu, unaishika serini ya 729 ya RAF nyingine, na kilichokuwa kifungo cha RAF moja kinageuka kiungo cha RAF mbili. Zikishaungana, kila moja huutuliza msokoto C wa mwenziwe katika mkao amilifu. Kisha RAF huibandika MEK fosfeti kwenye serini za 218 na 222, na MEK huibandika ERK kwenye threonini na tairosini zilizotenganishwa na asidi amino moja tu. ERK yenye fosfeti moja kati ya hizo mbili haifanyi kazi ya maana. Yenye zote mbili huongezeka kasi zaidi ya mara 1000, na sehemu yake huingia katika kiini cha seli kuziamsha jeni za ukuaji. MEK na ERK, kwa hiyo, ndizo zinazolitii daftari lako.

Kuhusu V600E, usemi wa "kuiga fosfeti" unafaa, ingawa ni wa juujuu. Valini ya 600 iko ndani ya kitanzi cha uamilishaji, na kwa kuwa haipendi maji, hujibana na asidi amino nyingine zisizopenda maji za pande la juu na kukishikilia kitanzi katika mkao wa kulala. Ikiwekwa asidi ya glutamiki, yenye chaji hasi, mshikamano huo unavunjika, na chaji mpya huivuta lisini ya msokoto C na kuutuliza ndani. Kizuizi kimeondoka na umbo amilifu limepata nguzo yake, vyote kwa herufi moja ya DNA. BRAF ya namna hiyo haihitaji Ras wala mwenzi. Badiliko hilo, lililotangazwa mwaka 2002, hupatikana katika karibu nusu ya saratani za ngozi za aina ya melanoma.

Dawa ya vemurafenib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, hukaa katika ufa wa ATP wa BRAF. Kwa V600E inayofanya kazi peke yake, dawa ikiingia, kazi inakoma. Lakini katika seli yenye BRAF ya kawaida na Ras iliyo amilifu kupita kiasi, RAF ziko wawili wawili. Dawa ikiikamata moja, hubadili umbo lake kwa namna inayoisukuma nyingine kuwa amilifu, na wakati huohuo hupunguza uwezekano wa dawa kuingia katika ile ya pili. RAF iliyozibwa haibandiki chochote, ila inaegemea, kama HER3 inavyoiegemea HER2. ERK hupanda badala ya kushuka. Wagonjwa kadhaa waliotumia dawa hiyo waliota saratani ndogo za ngozi za aina nyingine, nyingi zikiwa zimeanzia kwenye seli ambazo tayari zilikuwa na badiliko la Ras.

Ndiyo sababu siku hizi dawa ya kuizuia BRAF hutolewa pamoja na ya kuizuia MEK, kwa mfano dabrafenib na trametinib, kwa maana RAF ikisukumwa kimakosa, ishara yake inakuta MEK imezibwa. Saratani hizo za ngozi hupungua, na melanoma yenyewe huchukua muda mrefu zaidi kabla ya kuwa sugu. Ukitaka kuuelewa usugu huo, anza kwa kutazama ni mabadiliko gani yanayoifanya V600E irudi kwenye jozi: mara nyingi utaikuta BRAF iliyokatwa sehemu ya mbele, au Ras iliyoamka upya.